Samba au Suede? Raba ya zamani haina haraka

Adidas Samba ilizaliwa Kenya ikiwa bado koloni. Puma Suede ikazaliwa 1968, miaka mitano tu baada ya uhuru. Leo vijana wa Ukunda, Diani na Msambweni tunazigombania kana kwamba zimetoka kiwandani jana asubuhi. Kuna jamaa anachukua mkopo wa simu Ijumaa ili Jumamosi aonekane nazo. Kuna mwingine amenunua feki na anaomba Mungu mvua isinyeshe kabla hajapiga picha.

Swali la "nichukue gani" linaonekana dogo, mambo ya luku tu. Lakini ukilifuata linakutoa hapa Funzi, linakupitisha bandari ya Mombasa, linakufikisha Ujerumani, Vietnam na Washington, kisha linakurudisha kwa mfuko wako. Na mfuko ndio wenye shida. Hebu tulichambue taratibu, bila ushabiki.

Ndugu wawili, mto mmoja

Kusini mwa Ujerumani kuna mji mdogo unaoitwa Herzogenaurach. Hapo ndugu wawili, Adolf na Rudolf Dassler, walikuwa na kampuni moja ya viatu tangu miaka ya 1920. Jesse Owens, Mmarekani mweusi aliyebeba dhahabu nne kwenye Olimpiki za Berlin 1936, alikimbia na viatu vyao. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ndugu hao wakakosana kabisa. Mwaka 1948 Rudolf akajitenga, akavuka mto na kuanzisha Puma. Mwaka 1949 Adolf, ambaye watu walimwita Adi, akasajili Adidas.

Mji wenyewe ukagawanyika. Kila familia ilikuwa na upande wake, na watu walikuwa wanaangalia miguu yako kwanza kabla ya kukusalimia, wajue wewe ni wa nani. Ndiyo maana ukapewa jina la utani, mji wa shingo zilizoinama. Ukinisomea hii ukiwa Ukunda jioni, inua macho uone watu wanaangalia wapi. Hatujatofautiana nao sana.

Samba ni mtoto wa Adi. Iliundwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 ili wachezaji wa soka waweze kusimama kwenye viwanja vya Ulaya vilivyoganda barafu. Soli yake ya mpira wa rangi ya kahawia ilikuwa ya kushika ardhi isiyoshikika. Baadaye ikahamia soka ya ndani ya ukumbi, halafu ikahamia mtaani. Kwa hiyo raba unayoivaa kwenye joto la Diani iliundwa kwa sababu ya baridi. Weka hiyo akilini, tutairudia.

Suede ni ya upande wa Rudolf, na historia yake inatugusa zaidi. Oktoba 1968 kule Mexico City, Naftali Temu alishinda mita 10,000 na kuipa Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki. Siku chache baadaye Kipchoge Keino akashinda mita 1,500. Katikati ya siku hizo, Wamarekani weusi wawili, Tommie Smith na John Carlos, walipanda jukwaani baada ya mbio za mita 200, wakainua ngumi zilizovaa glavu nyeusi. Wengi tunaikumbuka ngumi. Wachache wanakumbuka miguu: walikuwa wamevua viatu na kubaki na soksi nyeusi, kuonyesha umaskini wa watu weusi kwao. Kiatu cha Smith kiliwekwa hapo jukwaani kando yake. Kilikuwa Puma Suede.

Yaani hii raba umaarufu wake ulianza ikiwa imevuliwa, na mtu aliyetaka dunia ione kwamba watu wake hawana. Sisi tunaikopea ili dunia ione kwamba tunazo.

Kwa nini zimerudi sasa

Mitindo hairudi yenyewe kama kupwa na kujaa. Kuna watu ofisini wanaoirudisha.

Oktoba 2022 Adidas ilivunja mkataba na Kanye West baada ya matamshi yake dhidi ya Wayahudi, na raba za Yeezy zilizokuwa zinaingiza pesa nyingi zikakatika. Mwaka 2023 kampuni ikafunga hesabu kwa hasara, ya kwanza kwa zaidi ya miaka 30. Bosi mpya aliyeingia Januari 2023, Bjørn Gulden, alikuwa ametoka moja kwa moja Puma, ng'ambo ya mto. Alichofanya ni kusukuma bidhaa zilizokuwa tayari stoo: Samba, Gazelle, Spezial. Samba ilikuwa imeshaanza kushika moto kupitia mbunifu wa Uingereza Grace Wales Bonner na kupitia picha za wanamitindo mtandaoni. Mwaka huo wa 2023 ikapewa tuzo ya kiatu cha mwaka na jarida la Footwear News. Mwaka 2024 Adidas iliuza bidhaa za takriban yuro bilioni 23.7.

Halafu Aprili 2024, Rishi Sunak, waziri mkuu wa Uingereza wakati huo, akavaa Samba kwenye mahojiano. Watu walimcheka mpaka akaomba radhi kwa mashabiki wa hiyo raba. Waziri mkuu akishavaa kiatu chako, jua kimeanza kushuka mlima.

Puma nao walitaka mtumbwi wao kwenye wimbi hilo. Waliirudisha Speedcat, raba nyembamba ya kidereva ya 1999, lakini haikuuza walivyotarajia. Machi 2025 kampuni ikatangaza kupunguza ajira 500 duniani, na Julai mwaka huo ikapata bosi mpya, Arthur Hoeld, aliyetoka... Adidas. Hao jamaa wanabadilishana wakubwa kama timu za Ligi Kuu zinavyobadilishana makocha.

Ninachotaka ukione hapa ni hiki: retro ni biashara ya bei nafuu kwa anayeuza. Umbo lipo, jina lipo, hadithi ipo. Hakuna teknolojia mpya unayolipia. Unalipia kumbukumbu, na kumbukumbu yenyewe ni ya watu wengine. Babu yangu hakucheza soka kwenye barafu.

Hesabu ya mfuko

Samba mpya Marekani inauzwa dola 100 hivi. Suede ya kawaida ni kama dola 75. Kwa shilingi 129 kwa dola, hiyo ni karibu 12,900 na 9,700, kabla ya usafiri na kabla ya KRA hawajasema chochote. Wakishasema, ongeza ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 16, ada ya tamko la uagizaji na ile tozo ya reli.

Sasa linganisha. Novemba 2024, mshahara wa chini wa kibarua wa kawaida Nairobi, Mombasa na Kisumu uliwekwa kuwa shilingi elfu 16 na kidogo kwa mwezi. Huku kwetu Kwale kiwango cha kisheria kiko chini ya hapo, na wengi tunaofanya kazi za boti, hoteli na bodaboda hatuna hata hicho cha uhakika, kwa sababu wageni wakipungua baada ya Pasaka kazi nayo inapungua. Kwa kiwango hicho cha 2024, Samba mpya ni robo tatu na zaidi ya mshahara wa mwezi wa mtu wa Mombasa. Suede ni zaidi ya nusu. Huo mguu unatembea na kodi ya nyumba.

Kwa hiyo tuambiane ukweli: kwa wengi wetu mjadala wa "Samba au Suede" haufanyiki dukani. Unafanyika kwenye mtumba au kwenye feki.

Mtumba, na siasa yake

Ukitoka Funzi unavuka kwa boti hadi Bodo, unashika barabara kuu ya Lunga Lunga hadi Likoni, unapanda feri, halafu unaelekea Kongowea. Hapo ndipo robota zinafunguliwa na macho makali yanashinda pesa nyingi. Kama umewahi kuchagua unajua lugha yake. Camera ni mali ya daraja la kwanza, safi, karibu mpya. Fagia ni yale mabaki ya mwisho. Bei ya camera na bei ya fagia haziishi mtaa mmoja.

Mtumba huo si kitu cha kudumu kama tunavyodhani. Machi 2020 serikali iliupiga marufuku kwa sababu ya corona, na robota hazikuruhusiwa tena hadi Agosti. Waliokuwa wanaishi kwa kuuza viatu walijua maana ya miezi mitano. Kwenye kampeni za 2022 Raila Odinga akasema mambo kuhusu nguo za watu waliokufa, na ikamgharimu wiki nzima ya kujieleza. Baada ya uchaguzi Moses Kuria, akiwa waziri wa biashara, akagusa suala lilelile na akakutana na moto uleule. Kila serikali ina hamu ya kugusa mtumba, na kila ikigusa inaungua vidole, kwa sababu haijaweka kitu kingine mezani. Ngozi zetu nyingi bado zinauzwa nje kabla hazijawa kiatu. Mji wa viwanda vya ngozi wa Kenanie, Athi River, umezungumziwa kwa miaka. Bata wa Limuru wana Safari Boot, ambayo kwa haki yake ni retro kuliko Suede, lakini ni nani ameifanyia hata nusu ya kelele ambazo Samba imefanyiwa?

Sasa ongeza Washington. Samba na Suede nyingi zinashonwa Vietnam, Indonesia na Cambodia. Aprili 2025 Rais Donald Trump alitangaza ushuru wa asilimia 46 kwa bidhaa za Vietnam, 49 kwa za Cambodia na 32 kwa za Indonesia. Wiki moja baadaye akausimamisha kwa muda, na baadaye wa Vietnam ukashuka hadi 20. Sisi tunahusikaje? Mtumba wetu unaanzia kwa mtu wa kule kununua kipya na kuchoka nacho. Kikiwa ghali kwake, huenda akakaa nacho zaidi, na kikija kwetu kije kimechakaa zaidi.

Lakini kuna upande wa pili unaotufaa. Samba ilipaa kati ya 2022 na 2024. Mamilioni ya watu waliinunua kwa sababu kila mtu alikuwa anaivaa, na watu wa namna hiyo ndio wanaoichoka kwanza. Mtindo ukipoa London, robota zinanenepa Kongowea. Anayeweza kusubiri ataikuta Samba halisi kwa bei ya feki ya leo.

Na hapa ndipo hoja yangu yote ilipo. Raba ya retro ni ya zamani kwa ufafanuzi wake. Umbo la 1950 haliwezi kupitwa na wakati kati ya Januari na Juni. Ukikopa ili uiwahi, unaiwahi nini? Mkopo wa simu una tarehe. Samba haina.

Feki: unanunua nini hasa?

Simhukumu mtu kwa kuvaa feki. Ninachosema ni hesabu. Tuseme feki ni 2,500 na mtumba camera ni 3,500. Feki ikifunguka soli baada ya miezi mitatu, umelipa zaidi ya 800 kwa mwezi. Camera ikikaa miaka miwili, umelipa chini ya 150 kwa mwezi. Maskini ndiye anayenunua kitu kimoja mara nne.

Kabla hujatoa pesa, fanya haya. Fungua ulimi wa kiatu uangalie lebo ya ndani. Tafuta namba ya bidhaa iliyoandikwa hapo kwenye simu yako uone kama italeta raba ile ile na rangi ile ile. Linganisha mshono wa kushoto na wa kulia. Kunja soli katikati: gundi ikionekana imemwagika kando au ikitoa harufu kali ya kukuumiza kichwa, rudisha. Kwenye Samba angalia maandishi ya dhahabu pembeni kama yamenyooka. Kwenye Suede pitisha kidole juu ya ngozi: halisi hubadilika rangi kidogo ukiisugua huku na huku, ile ya plastiki hukaa vilevile. Muuzaji akikukataza kufanya yote haya kwa sababu "boss, nina haraka", basi mwache awahi.

Kipimo cha Funzi

Wachambuzi wa raba wa mtandaoni wanapima kwa lami. Sisi tuna mchanga, chumvi, matope ya mikoko na unyevu usioisha. Hiki ndicho kipimo changu.

Maji na chumvi: Suede imefunikwa yote na swedi, ile ngozi yenye vinyweleo laini. Maji ya bahari yakikauka juu yake yanaacha ramani nyeupe, na ukiiweka chini ya kitanda wakati wa masika inaota ukungu. Samba ya kawaida ina ngozi laini unayoweza kuipangusa kwa kitambaa chenye maji kidogo. Swedi iko mbele tu, kwenye vidole. Hapa Samba inashinda kwa mbali.

Upana wa mguu: Hapa mambo yanageuka. Samba ni nyembamba. Wengi wetu tuliolelewa kisiwani tumekua pekupeku, na mguu uliokua pekupeku unatanuka mbele. Ukiubana kwenye Samba siku nzima utatembea kama umekanyaga moto. Wengine hupanda nusu saizi, lakini basi kisigino kinacheza. Suede ina nafasi zaidi na soli nene zaidi. Hapa Suede inashinda.

Kutembea: Soli ya Samba ni nyembamba na bapa. Kwa kuvuka barabara kwenda dukani haina neno. Kwa mtu anayesimama zamu ya saa nane hotelini, Suede inamhurumia kidogo, ingawa kwa kweli zote mbili ni za kutokelezea, hazikuundwa kwa zamu.

Boti: Zote zinashindwa. Maji yakiwa yametoka unashuka na viatu mkononi, hakuna mjadala. Ndiyo maana wazee wetu walikaa na makubadhi na champali karne nzima bila kumwomba mtu ushauri. Raba yako iweke kwenye mfuko wa plastiki ndani ya begi, na soksi kavu pamoja nayo.

Usafi: Samba nyeupe inaonyesha kila kitu, lakini inasafishika. Suede nyeusi au ya bluu iliyokoza inaficha mengi, lakini ikishachafuka kweli inataka brashi na subira. Usiianike juani, itakakamaa na kupauka.

Basi nichukue gani?

Kama unaishi Funzi, Bodo au Shirazi, na kila wiki unavuka maji: Samba ya ngozi, mtumba camera, na usiinunue kabla hujaivaa pande zote mbili ukiwa na soksi na kusimama nayo dakika tano. Mguu ukilalamika hapo dukani, hautaacha kulalamika nyumbani.

Kama maisha yako ni lami ya Ukunda na Diani, mguu wako ni mpana, na una mahali pakavu pa kuweka viatu: Suede, rangi ya giza. Kelele zake ni kidogo kwa sasa, kwa hiyo bei yake haina wazimu, na wanaotengeneza feki hawajaikimbilia kama Samba. Tena ina hadithi unayoweza kumsimulia mtu bila kuona haya.

Kama huna pesa mwezi huu: usichukue yoyote. Tenga mia tano kila wiki, na ukifikisha kiasi chako panda feri siku ya katikati ya wiki, asubuhi, wakati wanafungua robota. Kama msimu wa wageni umekwenda vizuri itakuwa miezi miwili. Kama haujaenda, itakuwa mitatu. Hakuna atakayekudai, na hakuna ujumbe utakaoingia kwa simu usiku kukuambia umechelewa.

Watu bado wataangalia miguu yako. Waache waangalie. Wao wanaona kiatu. Wewe ndiye unayejua kama kimelipwa.